Ruzuku Iliyokaa Mlango Usio Wake

Mei Mosi ya mwaka 2021, katika Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufuta tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikitozwa kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu. Wafanyakazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Muda mfupi baadaye ikafutwa pia adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa. Tangu hapo imejengeka imani ambayo siku hizi haihojiwi na yeyote: kwamba mkopo usio na nyongeza ni mkopo wa maskini, na kwamba kila tozo inayofutwa na kila bilioni inayoongezwa kwenye fungu la mikopo inamfikia mtoto wa mkulima wa pamba wa Kishapu na wa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu.

Mbunge anayetaka makofi anaomba bajeti ya mikopo iongezwe. Serikali za wanafunzi vyuoni zinadai asilimia mia kwa kila mwombaji. Bajeti nayo imekuwa ikipanda: Sh464 bilioni mwaka 2020/21, Sh570 bilioni mwaka uliofuata, Sh787 bilioni mwaka 2024/25. Kila upande unapongezana. Swali la nani hasa anapokea ruzuku hii, na kwa kiasi gani, halina mwulizaji.

Mimi naipinga imani hiyo. Ruzuku kubwa ya elimu ya juu tumeificha ndani ya deni na kuiweka kwenye mlango wa kutokea, wakati watoto wa Shinyanga na Geita wanaanguka kwenye mlango wa kuingilia. Wanaoipokea ni wale ambao tayari wametoka na digrii mkononi. Na miongoni mwao, anayeondoka na fungu nono kuliko wote ni yule anayekwepa kulipa.

Mgala muue na haki yake mpe. Tozo ya asilimia 6 ilistahili kuondoka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, na makato ya mwajiriwa yakaruka kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hata kwa watu waliokopa wakati makato yakiwa asilimia 8. Juu ya hayo kulikuwa na ile asilimia 6 kila mwaka, katika nchi ambayo mfumuko wa bei kuanzia mwaka 2018 ulikuwa ukicheza kati ya asilimia 3 na 4 hivi. Kulinda thamani hakuhitaji asilimia 6 bei zinapopanda kwa 3 na ushei. Kilichozidi hapo kilikuwa faida, kwa jina la kiungwana.

Tuchukue mwalimu aliyekopa Sh12 milioni na kuajiriwa kwa mshahara wa msingi wa Sh770,000. Asilimia 15 yake ni Sh115,500 kwa mwezi, yaani Sh1,386,000 kwa mwaka. Asilimia 6 ya deni lake ni Sh720,000. Zaidi ya nusu ya alichokatwa mwaka wa kwanza kilimezwa na tozo, na deni lenyewe likapungua kidogo tu, likiendelea kumtazama. Deni la namna hiyo halilipwi, linalishwa. Aliyeshangilia Kirumba alikuwa anaijua hesabu hii bila kalamu.

Lakini dawa tuliyoandika haikuwa ya ugonjwa ule. Tozo ilikuwa juu ya mfumuko wa bei. Ilitakiwa ishushwe ilingane nao. Sisi tukaifuta yote. Tangu hapo, aliyekopa Sh12 milioni anadaiwa Sh12 milioni zilezile hata akizilipa baada ya miaka 20, wakati shilingi ya siku hiyo itakuwa haina uzito wa shilingi aliyopewa. Tofauti hiyo ni ruzuku. Haisomwi bungeni, haina kifungu kwenye kitabu cha bajeti, haina mwombaji wala mwidhinishaji. Inatoka kimyakimya kila mwaka, na kimya hicho ndicho kinachoifanya ionekane haipo.

Tuipige hesabu kwa watu watatu waliokopa kiasi kilekile cha Sh12 milioni kwa digrii ya miaka mitatu, na tuseme bei zinapanda kwa asilimia 3.5 kwa mwaka. Wa kwanza amepata kazi ya Sh3 milioni kwa mwezi. Miezi 24 ya kusubiri inapokwisha anaanza kukatwa Sh450,000, na katika miezi 27 amemaliza. Kwa thamani ya siku alipokopa, amesamehewa kama Sh1.75 milioni. Wa pili ni yule mwalimu wetu. Anakatwa kwa takriban miaka minane na miezi minane, na msamaha wake unafika karibu Sh2.8 milioni. Wa tatu hakuajiriwa. Anafanya biashara zake, fedha inapita mikononi, hana orodha ya mishahara ya kumnasa. Miezi 24 ikiisha, anakaa miaka kumi bila kulipa senti, kisha anabanwa na kulipa kwa mwendo uleule wa mwalimu. Huyu anaondoka na karibu Sh5.5 milioni, mara mbili ya mwalimu, na adhabu ya asilimia 10 haipo tena ya kumkumbusha.

Nakubali, katika watu hawa watatu mwalimu amefaidika kuliko mwenye mshahara mnono. Lakini tazameni ni kitu gani kilichopanga zawadi. Umaskini haukuulizwa. Kilichoulizwa ni muda tu: aliyechelewa zaidi kapata zaidi. Tumefuta gharama ya kuchelewa na adhabu ya kuchelewa kwa mkupuo mmoja, halafu tunashangaa kwa nini wadaiwa sugu hawaishi. Wazee walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Sasa tumetunga utaratibu ambao anayekwepa matanga anaongezewa sahani ya pilau.

Na wa tatu huyo si mtu wa kufikirika tu kwa anayeishi ukanda wetu wa Shinyanga na Geita. Uchumi wa Geita na Kahama unazungushwa na watu wasio na hati ya mshahara: mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mwenye karasha ya kusaga mawe, broka wa dhahabu, mwenye mtambo wa kuchenjua marudio ya mawe yaliyosagwa kwa sainaidi, mfanyabiashara wa Katoro anayeuza kila kitu kuanzia matimba ya kushikilia duara hadi mabomba. Vijana wenye digrii wamo humo, na ni jambo jema kwamba wamo. Sheria inawataka waliojiajiri walipe asilimia 10 ya kipato chao kinachotozwa kodi, au si chini ya Sh100,000 kwa mwezi. Ila mwajiriwa anakatwa kabla hajauona mshahara, na mwajiri asipopeleka majina anabanwa. Aliyejiajiri anatakiwa ajikumbushe mwenyewe. Kwa binadamu wa kawaida, deni lisilokua na lisilokukumbusha ni deni la kuwekwa mwisho wa foleni.

Najua jibu linalokuja: hasara hiyo ni ya serikali, na serikali ina mifuko mirefu. Mifuko hiyo inajazwa na nani? Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu uliwekwa asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na fedha hizo haziishii Geita wala Msalala, zinakwenda Hazina. Kinachobaki kwa halmashauri ni ushuru mdogo wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Mkulima wa pamba naye analipa kodi kwenye sabuni, sukari na nauli. Tozo ya asilimia 6 iliacha kuhesabiwa kuanzia Julai 2021. Julai 15 ya mwaka huohuo zikaanza tozo za miamala ya simu. Sisemi hii iliwekwa kufidia ile. Nasema kwamba ndani ya mwezi mmoja mtu mwenye digrii alipunguziwa, na mama wa Segese aliyemtumia mwanawe Sh20,000 ya chakula kwa simu akaongezewa. Tozo za simu zilipigiwa kelele mpaka zikapunguzwa, na nyingine baadaye zikafutwa, kwa sababu zilionekana. Ruzuku ya ndani ya deni haipigiwi kelele kwa sababu haionekani.

Turudi kwa mwalimu, maana yeye ndiye ngao ya wanaotetea utaratibu wa sasa. Ukigusa mkopo, wanasema, unamwonea mwalimu. Tumfungulie hati yake ya mshahara tuone anaonewa na nini. Mshahara wa msingi Sh770,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5: Sh38,500. Kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza Julai 2021: Sh62,300. Bima ya afya, asilimia 3: Sh23,100. Chama cha walimu, asilimia 2: Sh15,400. Bodi ya Mikopo: Sh115,500. Anakwenda nyumbani na Sh515,200. Makato ya mkopo ni makubwa kuliko kodi, yanakaribia mara mbili yake, na ni mara tano ya bima. Kinachomuumiza mwalimu leo ni asilimia 15, ambayo ni ileile kwa mwenye Sh770,000 na kwa mwenye Sh7 milioni, bila kiwango cha chini ambacho mtu akiwa chini yake anaachwa apumue. Kirumba hawakuigusa hiyo. Walifuta kitu ambacho mwalimu anakihisi mwaka wa tisa, wakaacha kinachomkaba tarehe 25 ya kila mwezi.

Sasa twende kwenye mlango wa kuingilia, ambako ruzuku hii haijawahi kufika.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 uliikuta Shinyanga ikiongoza nchi kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Shinyanga ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Mwaka 2012 sehemu zake zilimegwa kwenda kwenye mikoa mipya ya Geita na Simiyu. Wasichana hao hawakukosa mkopo wa chuo. Walikuwa wameshaondoka njiani miaka mitano kabla ya fomu ya mkopo kuchapishwa. Mahakama Kuu ilisema Julai 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 au 14 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikasimamia hapohapo Oktoba 2019. Lakini hukumu hailishi familia. Baba anayehesabu ng'ombe wa mahari upande mmoja, na upande wa pili miaka mingi ya shule ambayo mwisho wake ni deni, anapiga hesabu. Tunaweza kuilaani hesabu yake; hatuwezi kujifanya hatujui jumla anayoipata.

Mvulana ana duara. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 iliwakuta watoto kwenye machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya wakichimba, wakiponda mawe, wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu. Duara halidai cheti wala halisubiri matokeo ya Baraza la Mitihani. Rashi ya dhahabu ikitokea Jumatatu, Jumatano madawati ya nyuma yameshapungua.

Nitaambiwa elimu ni bila ada. Ni kweli, tangu Januari 2016 hadi kidato cha nne, na tangu Julai 2022 hadi kidato cha sita. Ni hatua kubwa na sina neno nayo. Ila ada ndiyo ilikuwa sehemu ndogo ya gharama ya shule ya kata. Shule iko kilomita nane au kumi kutoka kijijini, bweni halipo au halitoshi, kwa hiyo mzazi anampangia mtoto chumba karibu na shule. Wenyewe wanaita geto. Ingia ndani ya geto la wasichana wa kidato cha pili: godoro la inchi tatu chini, begi la chuma lenye kufuli, ndoo ya maji, jiko la mkaa nje ya mlango, debe la unga linalotakiwa lifike mwisho wa mwezi. Hakuna mtu mzima. Unga ukiisha tarehe 20, siku kumi zilizobaki zina bodaboda mwenye chipsi na lifti. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aliyepata mimba anaweza kurudi shuleni, na ilifanya vyema. Lakini kumrudisha aliyeanguka ni ghali kuliko kumjengea bweni asianguke.

Anayevuka hapo na kuchaguliwa kidato cha tano anapokea fomu ya kujiunga na shule ya mkoa wa mbali: godoro, shuka, ndoo, sare, nauli. Na anayevuka hata hapo, akamaliza kidato cha sita na alama nzuri, anakutana na dirisha la mikopo. Mfikirie kijana wa namna hii katika steshenari ya Katoro, mbele ya kompyuta ya mwenye duka. Ada ya kuomba mkopo ni Sh30,000. Baba yake alifukiwa na kifusi, akazikwa kijijini kwao, na hakuna aliyekwenda kuchukua cheti cha kifo, maana nani angekihitaji? Sasa kinahitajika, na lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, vinginevyo mfumo hautamtambua kuwa yatima. Fomu inataka sahihi ya serikali ya mtaa na ya kamishna wa viapo. Mwenye duka anataka hela ya kuskani kila ukurasa. Mwenzake ambaye baba yake ni mtumishi ana nyaraka zote kwenye faili moja kabatini. Bodi inatafuta umaskini kwa njia ya karatasi, na umaskini wenyewe mara nyingi ni kukosa karatasi.

Hapo ndipo Sh2.8 milioni tunayomsamehe mhitimu kama mwalimu wetu bila kumuuliza hali yake ingefanya kazi. Posho ya chakula na malazi, bumu, ni Sh10,000 kwa siku tangu mwaka 2022/23. Msamaha huo wa mhitimu mmoja ni bumu ya siku 280. Kwa mtoto wa kidato cha pili anayekula kwa debe la unga, ni miaka ya kusoma.

Kuna kambi ya pili ya kuijibu, isije ikadhani nimehamia kwao. Hawa wanasema ruzuku yoyote ni sumu, eti serikali ikiweka fedha kwenye mikopo vyuo vinapandisha ada, mkopo unakua, ruzuku inakua tena. Hoja hiyo ina jina la mwenyewe: William Bennett, aliyeitoa mwaka 1987 akiwa waziri wa elimu wa Marekani. Wachumi wa huko wanaibishania mpaka leo. Kwetu haina pa kushika. Ada ya chuo kikuu cha umma Tanzania haipangwi na mkuu wa chuo anayenusa harufu ya mikopo. Inapita serikalini, na imekaa katika kiwango ambacho Mmarekani angedhani ni ada ya wiki moja. Tatizo letu ni kwamba ruzuku imewekwa mahali ambapo haimwoni aliyelengwa. Kuiondoa mezani kabisa ni kumfungia mlango hata yule mmoja aliyeukaribia.

Wapo waliolifanya jambo hili kwa akili. Australia ilianzisha mpango wake mwaka 1989. Deni halina riba ya kibiashara, ila kila mwaka linapandishwa kulingana na bei ili thamani isipotee, na hakuna anayelipa mpaka kipato chake kifike kiwango kilichowekwa. Akiwa chini ya hapo, hadaiwi kitu mwaka huo. Mwaka 2023 bei zilipanda sana, deni likapandishwa kwa asilimia 7.1, wananchi wakaja juu. Serikali yao haikufuta ulinzi wa thamani. Ilibadili kanuni ili deni lisipande kuliko mishahara. Kenya, ambako Bodi yao ya mikopo ilianzishwa mwaka 1995 na inatoza asilimia 4, ilijaribu mwaka 2023 kugawa ufadhili na mkopo mwanzoni kabisa kulingana na hali ya familia ya kila mwanafunzi. Wazo lilikuwa zuri, upangaji wa makundi ukawa wa ovyo, familia nyingi zikalia kwamba zimewekwa fungu la matajiri, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauharamisha mpango huo. Serikali ikakata rufaa. Somo la Kenya ni kwamba ruzuku ya wazi hupingwa, huhojiwa, hupelekwa mahakamani. Hiyo ndiyo sifa yake. Ya kwetu haijawahi kushtakiwa kwa sababu hakuna anayejua ilipo.

Na tusiseme kwamba kumtaka msomi arudishe thamani kamili ni jambo geni kwa Tanzania. Oktoba 22, 1966, wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana Dar es Salaam kupinga mpango wa kuwapeleka jeshi la kujenga taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, kisha akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kuiona adhabu ile kuwa kali mno, na wengi wanaiona hivyo. Lakini swali lake bado halijajibiwa: mkulima aliyekulipia shule akiwa hana viatu unamdai nini zaidi? Wakati ule mkulima huyo alikuwa wa pamba ya Usukuma kama alivyokuwa wa kahawa ya Kilimanjaro. Leo ameongezeka na mchimbaji.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa marekebisho ya sheria.

Deni la mkopo lipandishwe kila mwaka kwa mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na lisizidi hapo hata kwa nukta. Isiwe asilimia 6, na isiwe sifuri.

Makato yapande ngazi kwa ngazi. Wa mshahara mdogo kabisa asikatwe. Wa kiwango cha mwalimu wetu akatwe asilimia 8, yaani Sh61,600 badala ya Sh115,500. Atarudi nyumbani na Sh53,900 zaidi kila mwezi. Atalipa kwa miaka mingi zaidi, kweli. Basi kitakachobaki baada ya miaka 20 ya kulipa bila kukwepa kifutwe hadharani, kiandikwe kwenye bajeti kwamba taifa limemlipia mwalimu wake. Hiyo nayo ni ruzuku, ila ina jina na ina anayestahili. Mwenye Sh3 milioni abaki na asilimia 15 yake.

Adhabu irudi kwa mwenye kipato anayejificha. Hapa kwetu njia ipo tayari. Masoko ya madini yalianza Machi 2019, la kwanza likifunguliwa Geita, na mauzo halali ya dhahabu ya mchimbaji mdogo yanaacha risiti. Anayeomba au kuhuisha leseni ya ubroka, ya duka la madini au ya uchimbaji aonyeshe kwamba mkopo wake unalipwa, kama anavyotakiwa kuonyesha namba ya mlipakodi.

Thamani itakayookolewa iwekewe fungu lake, lisomwe kwa jina, na liende kwenye mabweni ya shule za kata, chakula cha shuleni, na ruzuku ya kuanzia kwa waliochaguliwa kidato cha tano na vyuo vya kati. Mikopo ya stashahada kwa fani za kipaumbele, madini yakiwemo, ilianza mwaka 2023/24 tu. Miaka yote kabla ya hapo kijana aliyetaka kuwa fundi sanifu wa mgodi uliopo kilomita chache kutoka kwao alikuwa akimtazama mwenzake wa digrii akikopeshwa. Halmashauri za ukanda huu nazo zisijifiche nyuma ya Dodoma. Sheria ya Madini inazitaka kampuni za migodi kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wa kila mwaka wa wajibu kwa jamii. Ushuru wa huduma upo. Kabla ya jengo jingine la utawala, bweni la wasichana.

Watakaosema nimekuja kurudisha asilimia 6 kwa mlango wa nyuma wasome tena: mwalimu kwa pendekezo hili anakatwa karibu nusu ya anachokatwa leo. Atakayeumia ni anayeweza kulipa na hataki. Kama kumtetea huyo ndiko kumtetea maskini, basi tumepoteana tangu mwanzo.

Kila mwaka, makadirio ya Wizara ya Elimu yanaposomwa Dodoma, wapo wabunge wanaosimama kuomba mikopo iongezwe. Safari ijayo wa Shinyanga na Geita waulize maswali mawili, na wasikae mpaka yajibiwe kwa tarakimu. Thamani ya ruzuku iliyomo ndani ya madeni ya mikopo mwaka huu ni shilingi ngapi? Na kati ya hizo, ngapi zimemfikia mtoto ambaye bado yuko sekondari? Jibu la pili nalijua: hakuna.